Filimbi ya Sajenti Ndululu

Laini Saba, Kibera
Jumatano, 9 Agosti 2023

Kwa mdogo wangu Syombua,

Salamu nyingi kutoka huku kwangu. Sisi hatujambo, ni hii baridi tu inayotuingia mifupani na mabati hayasaidii. Kevin amepata kazi ya mjengo huko Ayany, ya siku kwa siku, lakini ni kazi. Brandon wako anaendeleaje na shule? Nasikia amekupita kwa urefu. Mimi husikia tu.

Naandika kwa mkono kwa sababu namba yangu uliifungia tangu tulipomzika Baba, na huu ni mwaka wa tatu. Sitakuuliza kwa nini. Kamene wa Silanga, yule muuza makaa, huja Kawangware kila Alhamisi kumwona mama mkwe wake, na amekubali kukufikishia. Baba alikuwa akisema barua isiyo na tarehe ni porojo, ndiyo unaona nimeweka tarehe na siku pia.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Januari niko kwenye kikundi cha watu wanaojitolea kuhifadhi historia ya polisi. Usicheke. Tumepewa chumba nyuma ya kituo kimoja cha zamani, si kikubwa kuliko nyumba yangu, na humo mna kofia, mikanda, taa za doria, baisikeli mbili, na maboksi ya picha ambazo panya walianza kuzisoma kabla yetu. Kila Jumanne tunapangusa, tunaandika kwa penseli, tunafunga kwa karatasi. Kiongozi wetu ni Mzee Wekulo, koplo mstaafu, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Huku kwetu wananicheka. Kevin aliniuliza, "Mathe, kwani umejiunga na makarao?" Mama mmoja wa hapa kwenye reli akasema historia ya polisi watu wa Kibera waliandikiwa mgongoni kitambo. Nilimpelekea Mzee Wekulo maneno hayo nikidhani atakasirika. Aliyaandika kwenye daftari lake, na tarehe.

Desemba tarehe mbili tunafungua chumba watu waje waone. Kila aliyekuwa na mtu wake polisi analeta kitu kimoja cha huyo mtu. Mimi sina kitu cha Baba, hata kifungo. Filimbi unayo wewe. Naomba uitoe iwekwe mezani na jina lake, Sajenti Lazarus Ndululu wa trafiki. Alisimama juani kwenye ile raundabauti miaka ishirini na sita. Sitaki iwe kwamba hakuna mtu anayejua alikuwepo.

Dada yako,
Nthenya


Kawangware
Alhamisi, 31 Agosti 2023

Mama Kevin,

Barua yako niliipata, ina vumbi la makaa. Hatujambo. Brandon yuko kidato cha pili na anakula kama watu watatu. Kibanda changu cha chapati kinaniweka mjini. Nimekaa wiki tatu bila kukujibu na sitasema nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na hasira.

Umesema nisicheke. Sikucheka. Brandon alinionyesha kwenye simu picha uliyopigwa na msichana wenu mmoja anaitwa Lavender. Umevaa glavu nyeupe kama daktari, umeshika kofia ya watu, na chini imeandikwa "Binti wa Sajenti Ndululu". Watu zaidi ya mia mbili wameweka alama ya moyo. Binti, kana kwamba alizaa mmoja.

Nina wivu, ndiyo. Nalisema mwenyewe kabla hujamwambia Kamene. Miaka mitatu Baba alilala kwangu, kitanda chake na changu katikati ni pazia. Nilimlisha, nikamgeuza, nikafua. Wewe ulikuwa unakuja na ndizi. Siku ya kumzika kule Masii ukasimama na karatasi, ukasoma maisha yake yote tangu kuzaliwa, ukafika pale pa ugonjwa ukasema "aliuguzwa na familia". Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilingoja jina langu mpaka kwaya ikaanza kuimba. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Filimbi ni yangu. Nilianza kuisugua nikiwa na miaka saba, kila Jumamosi pale kambini, kwa dawa ya Braso na kipande cha fulana yake kuukuu, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote. Mwambie Mzee Wekulo hakuna.

Syombua


Laini Saba, Kibera
Jumatano, 6 Septemba 2023

Mama Brandon,

Nimesoma. Nimemsomea na Kevin, akatoka nje. Huku ni wazima. Kamene anasema chapati zako bado ndizo nzuri kuliko zote huko, na amenilalamikia kwamba hukumfungia hata moja.

Kuhusu Masii sitajibu leo. Kuhusu ndizi nitajibu. Zilikuwa ndizi kwa sababu ndizi ndizo nilizoweza, na kwa sababu kila nikifika kwako ulikuwa unasimama mlangoni ukinitazama viatu.

Kuhusu filimbi, ni kweli nalijua. Kila Jumamosi wewe ulikaa kwenye stuli karibu na goti lake na filimbi yako, mimi nikakaa nje kwenye ngazi na viatu vyake, na kiwi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa mkubwa. Niliomba mara moja tu kubadilishana. Akasema, "Mwache Syombua, ana mkono mwepesi." Mimi ni mama mzima sasa, nina meno ya kubandika, na maneno hayo bado nayasikia.

Basi sikubembelezi. Nakuambia tu habari za huku. Yuko mwenzetu anaitwa Nereah Aketch. Babake alikuwa bendi ya polisi, na yeye ameleta ile fimbo ya kuongozea bendi, ina kichwa cha fedha na nyuzi za rangi. Kila Jumanne anaiweka katikati ya meza. Juzi aliniuliza mimi nitaleta nini, nikamwambia babangu alikuwa trafiki. Akasema, "Aa, wale wa kusimamisha magari." Alisema vizuri tu, hata akatabasamu. Mahali pa Baba pale mezani bado ni karatasi tupu.

Nthenya


Kawangware
Alhamisi, 19 Oktoba 2023

Dada,

Hamjambo huko na mvua hizi? Kwetu maji yaliingia kwa jirani, kwangu yaliishia kizingitini. Brandon alikuwa wa nne darasani, nami nimechinja kuku ambaye sikuwa na mpango naye.

Nimekaa na maneno ya huyo Nereah wiki sita. Nilijaribu kuyasahau nikashindwa. Wa kusimamisha magari! Siwezi kukubali babake na bendi yake ang'ae pale kuliko wetu.

Kwa hivyo Kamene anakuletea filimbi. Iko ndani ya soksi, soksi iko ndani ya mkebe wa majani chai. Tangu Baba afe sikuwa nimeigusa, nayo ilikuwa imeingia weusi na kutu ya kijani, hata niliona aibu. Mkono wangu si ule tena, vidole vimekakamaa kwa unga na moto. Nikampelekea Kyalo, fundi wa jua kali wa hapa karibu, ana mashine ya kung'arishia masufuria na vitasa. Aliishikilia pale dakika kama kumi. Dada, imetoka kama ilivyotoka dukani! Baba angejinyolea ndevu kwayo. Iweke kando ya hiyo fimbo tuone nani atatazamwa.

Sharti langu ni moja. Kwenye kadi waandike kwamba imetoka kwa Syombua wa Kawangware. Jina langu, si "familia".

Syombua


Laini Saba, Kibera
Jumanne, 24 Oktoba 2023

Syombua,

Sina salamu leo. Naandika nikiwa bado na viatu, nimetoka huko sasa hivi.

Nilifungua mkebe wako mbele ya watu wote. Niliwaita waje. Ile filimbi ilipotoka kwenye soksi ilipiga mwanga mpaka kwenye dari, na Nereah akaiacha fimbo yake akaja kutazama, na mimi nikafurahi kwa namna ambayo si ya mtu mzima. Mzee Wekulo akavaa glavu, akaichukua, akaigeuza. Akatoa kile kioo chake cha kukuzia. Akaigeuza tena. Akaniuliza, "Mama Kevin, namba iko wapi?"

Unaikumbuka namba yake ya polisi. Baba aliichora mwenyewe ubavuni mwa filimbi kwa ncha ya msumari, wenzake pale kambini wasimwibie. Ilikuwa mikwaruzo tu, lakini ilisomeka. Kule chumbani kila kitu kinachoingia kinatafutwa namba, halafu namba inatafutwa kwenye rejista ya zamani, na ikilingana ndipo jina la mtu linaandikwa. Bila namba hakuna jina. Na kwetu shaba haisuguliwi kabisa. Ule weusi uliouonea aibu ndio unaolinda maandishi.

Kyalo wako amelamba namba yote. Ubavu ni laini kama kijiko. Mzee Wekulo alichukua penseli akaandika kwenye kadi, nami nikiwa nimesimama hapo: "Filimbi ya shaba. Mwenyewe hajulikani."

Hajulikani! Nereah alinishika bega akasema pole. Afadhali angecheka.

Umemfuta Baba, Syombua, na umefanya hivyo ili umshinde mtu ambaye hujawahi hata kumwona.

Nthenya


Kawangware
Alhamisi, 26 Oktoba 2023

Mama Kevin,

Najibu Kamene akiwa amesimama hapa na magunia yake.

Tangu lini katika nyumba ya Sajenti Ndululu shaba inayong'aa ikawa kosa? Mimi na wewe tulichapwa kwa ajili ya shaba isiyong'aa. Mtu wa polisi anaweza kulala njaa, lakini vifungo vyake vitang'aa. Ningempeleka vipi Baba mbele ya watu akiwa na kutu? Ni mtoto gani wa kambini angefanya hivyo?

Umesema nilitaka kumshinda mtu nisiyemjua. Ni nani aliyenijulisha? Ni nani aliyeandika ukurasa mzima wa Nereah na fimbo yake, akajua moto utashika?

Na kuna jambo lingine. Kamene amemuuzia Nereah makaa juzi, wakaongea. Nereah amemwambia kwamba kila mtu anayetoa kitu hupewa kwanza karatasi ya masharti. Usioshe, usisugue, usipake mafuta. Yeye alipewa, na wengine wote walipewa.

Yangu iko wapi, Nthenya?

Syombua


Laini Saba, Kibera
Jumatano, 15 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Alhamisi mbili zimepita Kamene akiniuliza kama kuna barua, nikimwambia bado. Mvua imetunyanyasa, njia ya kwenda mtoni imekatika, Kevin amekaa wiki bila kazi. Lakini si hiyo iliyonizuia.

Karatasi yako nilikuwa nayo. Mzee Wekulo alinipa Septemba, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha pamoja na ile barua ya viatu. Kisha nikaitoa. Iko hapa, naikalia, ni ile ile.

Nimejiuliza kwa nini na jibu si zuri. Nilipofika kwenye neno "usisugue" sikuweza kuwa mimi wa kukuambia. Wewe uliyekuwa na mkono mwepesi, mimi wa kiwi nikufundishe shaba? Hapo nikasema moyoni, basi, mwache aisugue. Ifike inang'aa, Mzee Wekulo atikise kichwa, aseme huyu mdogo wako hajui mambo haya, nami niseme, hajui, mzee, ni wa kusamehewa. Nilitaka kosa lako moja dogo la kuweka mfukoni. Namba sikuifikiria. Naapa kwa kaburi la Baba sikuifikiria.

Na la Masii nalijibu sasa. Kwenye karatasi niliyoandika nyumbani, jina lako lilikuwepo. Nililiona nikiwa nasoma, nikaliruka. Mtu asikudanganye kwamba nilisahau.

Sasa nisikilize, maana kuna njia moja imebaki. Mzee Wekulo ana sharti la vitu vilivyopoteza namba. Ndugu wawili wa mwenye kitu, kila mmoja peke yake, wanaandika kwa mkono wanachokijua kuhusu kitu hicho, hasa alama ambayo mgeni hawezi kuijua. Wanafunga bahasha. Yeye anazifungua zote mbili pamoja, na zikikubaliana, jina linaandikwa. Ndugu waliobaki ni mimi na wewe. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nne.

Yangu nimeshaifunga na sitakuambia nimeandika nini, nisije nikaharibu tena. Ukikataa nitaelewa. Lakini ukikataa, Baba anabaki hajulikani, na hilo hastahili kwa ajili yetu sisi wawili.

Nthenya


Kawangware
Alhamisi, 23 Novemba 2023

Dada,

Brandon anakusalimu, ameuliza kama Kevin bado anacheza mpira. Mvua imepungua.

Niliposoma barua yako niliitupa chini ya meko. Sikuiwasha. Baadaye nikaitoa nikaisoma tena, kwa sababu katika maisha yangu yote hujawahi kuniambia kwamba ulinionea wivu. Nilikuwa nikidhani wivu ni wangu peke yangu.

Bahasha iliyofungwa mpe Mzee Wekulo. Nimeandika jambo ambalo hakuna mashine ya Kyalo inayoweza kulifikia. Kama na wewe ni mtoto wa yule mzee, umeandika hilo hilo.

Hii karatasi ya pili ni yako, si ya historia.

Baba aliposhindwa kuinuka, nilimtundikia filimbi shingoni. Mimi nikiwa pale nje na chapati zangu, akitaka maji au kugeuzwa, alikuwa anapuliza. Wateja walizoea. Nilikuwa naacha chapati inaungua naingia. Na kila nikiingia, alikuwa ananitazama anasema, "Nthenya, umefika."

Mara ya kwanza nilimrekebisha. Nikamwambia, Baba, ni mimi, Syombua. Akalia. Akauliza Nthenya amekataa kuja? Siku ya pili nikamrekebisha, akalia tena. Siku ya tatu nikasema, naam Baba, nimefika. Akatulia, akanywa maji.

Miaka mitatu, dada, niliitika jina lako. Ulipokuwa ukija na ndizi zako nilikuwa nasimama mlangoni kwa sababu niliogopa ukiingia atakuona, ajue yule mwingine ni nani. Wewe unasema nilikuwa mtoto wake wa filimbi. Aliondoka hajalitamka jina langu. Ndiyo maana pale Masii nililingoja kwako.

Syombua


Laini Saba, Kibera
Jumapili, 3 Desemba 2023

Syombua wetu,

Huku hatujambo. Kevin anacheza mpira bado, na amesema Brandon aje likizo hii, watashindana. Kamene anasema amechoka kuwa posta, tufunguliane simu. Nimemwambia hilo ni lako kuamua.

Mzee Wekulo alizifungua bahasha Jumanne iliyofuata. Alisoma yangu, akasoma yako, akaziweka pamoja. Akaichukua filimbi akaitikisa karibu na sikio. Kisha akawasha tochi akachungulia kwenye tundu, muda mrefu, mpaka Nereah akaja kuchungulia naye. Mzee akacheka. Sijawahi kumwona akicheka.

Mbaazi ilikuwa bado imo. Mwaka ule kigololo cha gome cha kuiliza filimbi kilipopotea, na Baba ana zamu asubuhi, Mama alichagua punje moja ya mbaazi kwenye gunia la Masii, ikaingia kama iliyopimwa. Karatasi zetu zilitofautiana mahali pamoja tu. Wewe uliandika aliyeisukuma ndani ni mimi, kwa njiti ya kiberiti. Mimi niliandika ni wewe. Mzee Wekulo alisema hilo tutapatana wenyewe.

Jana watu walikuja wengi, hata yule mama wa reli alikuja, akasimama sana mbele ya lile daftari lenye maneno yake. Filimbi haikuwekwa katikati. Iko pembeni, karibu na dirisha, inang'aa kuliko vitu vyote mle ndani kwa sababu ya Kyalo wako, na kila mtu anaanzia kwayo. Kadi niliiandika mimi, kwa penseli, nikampa Mzee akapitisha. Inasema: "Filimbi ya Sajenti Lazarus Ndululu, trafiki. Ndani ni mbaazi. Ilitunzwa, na mwenyewe akauguzwa, na bintiye Syombua wa Kawangware." Jina langu sikuliweka. Nilikuwa na nafasi ya kuliweka, mstari mzima ulibaki.

Jioni tukikaribia kufunga alikuja askari mmoja mzee sana, alikuwa na Baba pale raundabauti. Akasoma kadi, midomo ikitikisika. Akaniona nimesimama pale na glavu zangu. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Asante, Syombua. Asante kwa kumtunza."

Nilitaka kumrekebisha. Iliniuma pale pale pa viatu, sitakudanganya. Nilimtazama yule mzee, machozi yamemjaa.

Nikaitika.

Nthenya